Namna ya Kuufukiza Mtambo wa Risper

Jumapili, 9 Novemba

Habari kubwa. Bosi Abu Rakan kaingia karakanani asubuhi, hakuketi, hakugusa kahawa. Amesema pango limekubali. Ndivyo alivyosema, kama mtu aliyeletewa jibu la posa.

Pango lenyewe liko jangwani, nje ya Riyadh. Ndani yake mna maji, na chini ya maji mna ufa mwembamba ambao hakuna aliyewahi kuupita. Kundi la kwanza lilifika hapo likarudi. Mitambo yao ya kupumulia, ya mgongoni, ilikwaruza dari. Watafiti wa maji wanataka kujua kama ng'ambo ya ufa maji yanaendelea au yanakoma. Kibali chao kinaisha Jumatano ya wiki ijayo. Wamemwomba Bosi mzamiaji wa mapangoni, na Bosi anaye mmoja tu.

Risper! Binti wa Homa Bay, kichwa cha karakana yetu hapa Al-Mahjar, Jeddah. Akifungua mtambo mezani hata feni hupunguza kelele. Atauhamisha kutoka mgongoni hadi ubavuni, apate kupita ufani kama barua chini ya mlango.

Atachukua mtu mmoja wa kumsaidia ukingoni mwa maji. Ama mimi, mtunza stoo, ama Duncan, fundi. Atachagua mwenyewe.

Duncan amecheka. Eti Mzee Famau, yaani mimi, abaki na birika lake, pangoni hakuna lifti. Kijana wa Kitale! Bahari kaiona akiwa na ndevu. Mimi nimezaliwa Lamu, maji yakigonga ukuta wa nyumba yetu. Ujana wangu wote nimeumaliza Bandari ya Jeddah nikiandika mizigo ya watu: imetoka wapi, inakwenda wapi. Mizigo imezunguka dunia. Mimi nimebaki na kalamu.

Safari hii naenda. Nataka niwe pale ukingoni Risper anapozama, na niwe pale anapoibuka. Halas.

Jumatatu, 10 Novemba

Nimekimaliza tena kitabu cha mtambo. Wengi hudhani mzamiaji hubeba hewa yake, aitumie na kuitupa. Mtambo huu hautupi kitu. Pumzi inatoka mdomoni, inapita kwenye mpira, inaingia katika kopo la chokaa ya punje. Chokaa inanyonya uchafu. Oksijeni kidogo inaongezwa. Pumzi inarudi kwa mpira wa pili. Hakuna kiputo hata kimoja. Nimesoma mashairi mengi maishani mwangu. Machache yamepangika hivi.

Risper amelaza kopo kwenye ubavu wa kushoto, mtungi mdogo wa oksijeni kulia, mifuko ya pumzi ameibapaza kifuani. Kila anachokifunga anakifungua tena, macho kafumba. Anafunga. Anafungua. Siku nzima. Hakulalamika, hakuimba, hakutazama simu. Nilimpelekea chai ikapoa, nikampelekea nyingine ikapoa. Nimezinywa mimi.

Duncan kaja dirishani kwangu kuomba mipira mipya ya pumzi. Nimemwambia mafi, hakuna.

Ipo. Iko nyuma ya makasha ya miwani, katika karatasi yake, pamoja na vihisi vipya vya kupimia oksijeni. Lakini kitu kizuri hutolewa siku nzuri, kwa mtu mzuri. Duncan si mtu huyo.

Usiku nimepata wazo. Mikanda! Mtambo wa ubavuni lazima ubane. Na nani anajua kubana mzigo kuliko mtu wa bandari?

Jumanne, 11 Novemba

Nimekwenda na mikanda ya kufungia mizigo ya malori, ile yenye meno ya chuma. Ukivuta kishikio inalia krr, krr, na haiachii hadi Siku ya Kiyama. Nimemfunga nayo Risper, mtambo na yeye. Umekaa kama ulizaliwa naye.

Duncan ameuliza kama tunamsafirisha Risper kwao au tunahamisha friji.

Risper hakucheka. Amefumba macho, amenyoosha mkono mmoja, ametafuta kishikio. Kakipata. Hakikufunguka. Kajaribu tena, bila haraka, bila hasira, kama mtu anayesikiliza redio ya mbali. Kisha akafumbua macho.

“Babu, nikikwama huko ndani nimwite kuli?”

Akaeleza, na Duncan akanyamaza kusikiliza, nami pia. Kisichofunguka kwa mkono mmoja, gizani, ukiwa na glavu, hakiingii pangoni. Hata kiwe kizuri namna gani. Hata kama kimeletwa na mtu unayempenda.

Unayempenda! Nimeliandika neno hilo lisije likapotea.

Ilibidi mikanda ikatwe kwa msumeno ndipo atoke.

Jumatano, 12 Novemba

Kama siwezi kupanda, basi Duncan ateremke.

Nimemnong'oneza Lydia, anayefanya kazi nyumbani kwa Bosi, kwamba nasikia Duncan anaogopa mahali pafinyu. Kwamba ndani ya lifti hutetemeka. Nilitaraji Lydia amwambie madam, madam amwambie Bosi.

Lydia kamwambia Duncan.

Duncan hakugomba. Ameingia katika kasha la mbao lililoleta kompresa, akafunga kifuniko, akaimba nyimbo za kanisani kuanzia adhuhuri hadi alasiri. Wafanyakazi wa gereji ya jirani wamekuja kusikiliza. Mmoja kaomba wimbo aupendao.

Sauti anayo, siwezi kukana.

Lydia kaniita pembeni jioni. Kasema, “Babu, umbea ni kazi yangu mimi. Wewe ukitaka, omba kwanza uchukue mafunzo.”

Alhamisi, 13 Novemba

Majaribio, katika bwawa la kuogelea la Bosi. Duncan amejenga ufa wa mbao kwa vipimo vya watafiti, akauzamisha chini kwa mawe. Nimeutazama. Mtu mzima asingeingiza humo hata mto wa kulalia.

Risper ameteremka. Na hapo, nikiri, nilisahau kuwa nina mashindano na mtu.

Mzamiaji wa kawaida anatangaza kila pumzi yake: buku, buku, buku, maji yanachemka juu yake. Risper hakutangaza. Maji yalibaki kama kioo. Alilala ubavu, akanyoosha mkono mmoja mbele, akafungua kifungo kimoja cha kopo, akalisogeza mbele yake, akapita. Akalirudisha. Akafunga. Hakugusa ubao hata mmoja. Akageuka akapita tena, sasa taa imezimwa na barakoa yake imefunikwa kitambaa. Duncan alikuwa ameshika ukingo wa bwawa kwa mikono miwili, midomo inatikisika. Alikuwa akiomba. Sikumcheka. Nilikuwa nikisoma dua yangu.

Alipotoka nimemuuliza mtambo ukoje. Kasema ni mzuri, ila una ladha ya mpira na dawa ya kusafishia. Kama kunywa maji kwenye jerikeni jipya.

Kasema hivyo tu, kama mzaha, akaenda kubadilisha nguo.

Lakini mimi nimesimama palepale. Jerikeni jipya! Mama yangu, Mola amrehemu, hakuweka maji katika mtungi mpya bila kuufukiza. Makaa katika chetezo, kipande cha udi, mtungi unafunikwa juu yake mpaka udongo unywe moshi. Maji yake ulikuwa ukiyanywa unafumba macho. Miaka yote hii sijanywa maji kama yale.

Mtungi ni chombo. Mtambo ni chombo. Duncan hana mama wa Lamu.

Ijumaa, 14 Novemba

Karakana imefungwa. Nimetoka msikitini moja kwa moja, ufunguo mfukoni.

Nimefanya kazi kwa utaratibu. Chetezo sakafuni. Makaa mpaka yashike majivu meupe. Udi wangu wenyewe, ule ninaouweka kwa sikukuu. Mipira ya pumzi nimeining'iniza juu ya moshi, kwanza upande huu, kisha ule. Mifuko ya pumzi nimeikalisha juu ya chetezo kama kuku anavyolalia mayai. Kopo, lililokuwa limeshajazwa chokaa, nimelipitishia moshi juu juu tu, kwa adabu. Mwisho, kipande cha mdomoni, nimekipaka tone moja la mafuta ya udi. Tone moja. Mimi si mtu wa kupita kiasi.

Nimerudisha kila kitu mahali pake kwa kufuata picha za kitabu.

Chumba kizima kilinukia nyumba ya bibi harusi. Nimekaa pale nikitazama mtambo ule, nikamwona Risper kule chini gizani, peke yake, jiwe juu na jiwe chini, na kila pumzi inayomrudia inamwambia: hujasahaulika.

Nani atamchagua Duncan baada ya hapo?

Jumapili, 16 Novemba

Msiba.

Risper amefungua kasha la mtambo akasimama. Aliinamia mipira, akanusa. Akanusa mifuko. Akaugusa mdomo wa mtambo kwa kidole, akakitazama kidole.

Kauliza nani.

Nimesema huenda ni panya.

Duncan kanisogelea, kanusa bega la kanzu yangu. Kasema basi panya huyu anavaa kofia ya vito kama yangu.

Nilingoja matusi. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Risper alivuta kiti, akanikalisha, akachuchumaa mbele yangu kama muuguzi. Kasema, polepole, kwamba mafuta na oksijeni iliyoshindiliwa vikikutana huwaka moto, hata tone. Kwamba moshi huacha lami, na lami ikinatisha vali, pumzi chafu inarudi palepale ilipotoka. Kwamba chokaa ile haiaminiki tena, wala vihisi. Kwamba mtu hapigi kelele kule chini, anasinzia tu. Akauliza kama nimeelewa.

Nimesema nimeelewa. Nimeuliza pia kama harufu yenyewe aliipenda.

Kasema ilikuwa nzuri sana, Babu, na hilo ndilo lililomwogopesha.

Kisha ameuvunja mtambo mzima, hata mpira mdogo kuliko pete. Vingine vitaoshwa kwa maji moto na sabuni, vingine vitatupwa. Mipira ya pumzi yote imetupwa. Vihisi vimetupwa. Akasema bila mipira mipya na vihisi hakuna safari, na mjini hakuna; vikiagizwa vitafika kibali kimeshakufa. Ameisema kwa sauti ya kawaida. Mikono yake tu ndiyo iliyosimama, na sijawahi kuiona mikono ile imesimama.

Hapo nimeinuka. Nimekwenda nyuma ya makasha ya miwani. Nimerudi nikiwa nimevibeba vyote viwili, katika karatasi yake.

Duncan ametazama mipira. Amenitazama mimi. Amesema, “Mafi?”

Nimesema mafi ya Jumatatu si mafi ya Jumapili.

Wamecheka mpaka Fidel, dereva, kaja kutoka nje kuuliza nani amepata mtoto. Risper alicheka kuliko wote, akafuta macho kwa mkono wa shati. Kisha akaanza upya, kipande kwa kipande, kana kwamba hajawahi kuuona mtambo katika maisha yake. Nami nimesugua, chini ya macho ya Duncan, mpaka vidole vyangu vikawa kama zabibu kavu.

Jioni ametangaza. Duncan ndiye wa ukingoni.

Na mimi pia nitakwenda! Duncan kauliza kwa nini. Risper amesema kuna mtambo wa pili unabaki karakanani, na hawezi kuniacha nao peke yangu.

Nimechaguliwa.

Jumatatu, 17 Novemba

Njiani. Fidel anaendesha, Duncan anasinzia, Risper amepakata kasha la vihisi kama mtoto mchanga. Jangwa, jangwa, kituo cha mafuta, jangwa. Fidel kaniuliza kama kweli nilimfukiza mwanadamu. Habari husafiri kuliko magari.

Tumefikia Malaz, mjini Riyadh, katika fleti aliyotukodishia Bosi. Chini kuna duka la chapati za Wapakistani na uwanja wa watoto. Risper ameniambia naweza kukaa ukingoni, kwenye jiwe, mikono mapajani. Nimekubali masharti yote. Kesho nitakuwa pale!

Jumanne, 18 Novemba

Nieleze kwa utulivu.

Mtu haendi harusini na nguo ya jana. Alfajiri nilivaa kanzu safi. Fidel alilalamika kuhusu moshi bafuni. Nilimwambia ni mvuke.

Njia ya kuteremkia pangoni ni mbaya. Mawe makubwa, vumbi, kamba. Duncan, bila kuambiwa, alinigeuzia mgongo akasema, “Panda, mzee, na usinisimulie habari za Lamu mpaka tufike.” Alinibeba sehemu yote iliyo mbaya. Mgongo wake ni mpana na hautikisiki. Naandika hili mara moja, sitalirudia.

Chini, maji! Ya buluu, yametulia kabisa, jangwa lote liko juu yake na yenyewe hayana habari. Nilikaa kwenye jiwe langu. Watafiti walisimama na vyombo vyao. Bosi alisimama na tasbihi. Risper aliingia majini mpaka kifuani, Duncan akimsomea ukaguzi kwa sauti na yeye akijibu, kila kitu kimeguswa kwa mkono. Akauinua mdomo wa mtambo usoni.

Akasimama.

Kaushusha. Ameinua kidole gumba juu, alama yao ya kusema mwisho, tunatoka. Akatoka majini.

Sasa, hawa watu wa mapangoni wana desturi moja. Yeyote anaweza kuukatisha mzamo, wakati wowote, na haulizwi sababu. Haulizwi wala halaumiwi. Niliisoma kitabuni nikadhani ni maneno ya kitabuni. Leo nimeiona. Kibali kinaisha kesho, Bosi katoka Jeddah kwa ndege, watafiti wamekaa miezi wakingoja, na hakuna aliyefungua mdomo. Bosi alisema yalla, chai, akaenda kutafuta chupa ya chai. Yule mkuu wa watafiti akaanza kukunja kamba zake. Na Risper hakujieleza. Alikaa chini akaufungua mtambo kuanzia mwanzo, taratibu, mbele ya kibali kinachokufa, kana kwamba amepewa mwaka mzima. Sijapata kuona ujasiri mkubwa kuliko ule wa kutokuingia.

Alimaliza akiwa ametoa jasho. Akamwambia Duncan hakuona kitu. Mtambo ni safi. Lakini alinusa udi, ana hakika alinusa udi.

Duncan aliinua kichwa polepole. Upepo mdogo ulikuwa ukitoka mdomoni mwa pango, unapita kwenye jiwe langu, unakwenda majini.

Hakuhitaji hata kunisogelea.

Jumatano, 19 Novemba

Nimevaa fulana ya Fidel. Ina picha ya kuku wa kukaanga.

Nimewekwa juu, garini, upande ambao upepo unakwenda zake. Wote wako chini. Risper ameingia majini asubuhi, Fidel ndiye aliyeniletea habari, kisha akateremka tena. Kisha hakuna habari. Mtambo wake hautoi kiputo. Hata walio ukingoni hawana cha kutazama. Kwa hiyo tuko sawa, wao na mimi. Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Haikusaidia.

Nilisubiri ndani ya gari. Nikasubiri nje ya gari. Nilizunguka gari. Nilimsomea kila sura niijuayo. Nikawaza ile vali, na lami, na kusinzia. Niliwaza: je, kama nilibakisha mahali? Nilikumbuka jinsi Risper alivyosugua upya baada yangu, kila nilichosugua. Siku ile nilikasirika. Leo nimemshukuru Mungu kwa kila alipokosa kuniamini.

Kisha nikasikia sauti kutoka ardhini. Ilikuwa sauti ya Duncan. Alikuwa akiimba.

Nilidhani wangechelewa kule chini, kuna picha, kuna maelezo kwa watafiti. Lakini wa kwanza kutokea kwenye mdomo wa pango alikuwa Risper, nywele zinachuruzika, kapanda mawe yale yote na uchovu ule wote. Hakwenda kwa Bosi. Alikuja garini. Alikaa karibu nami kwenye ngazi ya mlango, akavua glavu.

Kasema alitaka anisimulie mimi kwanza, kwa kuwa nilitaka kuona.

Kasema ufa ni mwembamba kuliko ule wa mbao. Katikati kopo lilikwama. Alifumba macho, mkono mmoja, kifungo kikafunguka. Akapita. Ng'ambo taa yake haikupata ukuta. Ukumbi. Maji meupe kama hewa, sakafu ya mchanga usioguswa na chochote tangu dunia iumbwe, na mwisho kabisa giza lingine, pana, linaloendelea. “Yanaendelea, Babu. Maji yanaendelea.”

Nilimuuliza pumzi ilikuwa na ladha gani.

Kasema haikuwa na ladha yoyote. Kasema hajawahi kuonja kitu kitamu kama hicho.

Niligeukia upande wa jangwa nikasema vumbi limeniingia machoni.

Jumamosi, 22 Novemba

Jeddah. Kila kitu kimerudi mahali pake. Bosi amechinja mbuzi. Ukutani pamebandikwa amri mpya, mwandiko wa Risper: kinachonukia kisikaribie meza. Ufunguo wa karakana sasa anao Duncan. Haya. Wa akiba ninao mimi.

Watafiti wamepata kibali kingine. Risper atarudi kule mwezi ujao kuufuata ule upana wa giza, na atahitaji mtu ukingoni.

Leo Duncan kaja dirishani akitaka barakoa mpya. Nimemwambia mafi.

Nimefikiri sana juu ya kosa langu, kwa uaminifu wa mtu mzima. Nimeliona. Kosa lilikuwa udi. Udi una moshi, na una mafuta. Risper kalieleza vizuri mno na mimi nilisikiliza neno kwa neno. “Haikuwa na ladha yoyote,” alisema, maskini mwanangu, akijikaza kunifurahisha. Pumzi isiyo na ladha! Nani anaweza kuishi hivyo mwezi ujao tena?

Lydia ameniletea chupa ndogo kutoka Taif. Marashi ya waridi. Hayana moshi. Hayana mafuta. Ni maji tu, na maji mtambo umeyazoea.